Mwanga wa galaksi "umekuwa mwekundu": nini kimepimwa, na nini kimetafsiriwa?

Makala hii ni deni. Hivi karibuni, katika kipindi chetu cha asubuhi, tulisoma habari ya galaksi ya mbali mno iliyoonwa na darubini ya anga ya James Webb. Tukasema hewani kwamba mwanga wake "umekuwa mwekundu kwa sababu galaksi hiyo inakimbia kwa kasi kubwa". Tukaona tumemaliza, tukaweka muziki.

Muziki haujafika katikati, ujumbe ukaanza kuingia. Msikilizaji mmoja, aliyesema yuko shambani anapalilia na redio ya simu ikiwa mfukoni, aliuliza: "Mmejuaje kwamba mwanga huo haukuzaliwa mwekundu tangu mwanzo?" Mwingine, mwalimu wa sekondari, aliandika: "Nimepiga hesabu kwa namba mliyoitaja. Napata kasi mara 14 ya mwanga. Wanafunzi wangu nimewafundisha kwamba hakuna kinachoupita mwanga. Kesho niwaambie nini?"

Tulijaribu kujibu papo hapo, tukababaika. Baada ya kipindi tukakaa chini tukasoma, tukagundua kwamba wote wawili walikuwa wametugusa penye kidonda. Sentensi tuliyoitoa hewani ilichanganya mambo mawili: kitu kilichopimwa, na maelezo ya kitu hicho. Hata wataalamu wa elimu ya ulimwengu wamekuwa wakibishana kuhusu mpaka kati ya mambo hayo mawili. Leo tunarudi kuulipa mjadala huo haki yake, polepole.

Wekundu si rangi, ni urefu

Tuanze na kitu tunachokijua kazini. Kituo chochote cha FM kinachorusha matangazo karibu na masafa ya megahezi 100 kinatoa mawimbi yenye urefu wa kama mita 3 kila moja, kutoka kilele cha wimbi hadi kilele kinachofuata. Mwanga nao ni wimbi la jamii hiyohiyo, ila ni fupi mno. Mwanga mwekundu una urefu wa karibu nanomita 700, na wa zambarau karibu nanomita 400. Nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni.

Kwa hiyo kati ya rangi tunazoziona, nyekundu ndiyo yenye wimbi refu kuliko zote. Wimbi likirefuka zaidi ya hapo, jicho haliliwezi tena: linakuwa infraredi, ule mnururisho ambao ngozi huuhisi kama joto ukikaa karibu na makaa. Likirefuka zaidi sana, linakuwa wimbi la redio.

Wanasayansi wanaposema mwanga "umehamia wekundu", wanachomaanisha ni kwamba mawimbi yake yamerefuka. Hapa tutaliita jambo hilo mhamo mwekundu. Lakini jina hilo lenyewe linapotosha kidogo. Chukua galaksi tuliyoitangaza, inayoitwa JADES-GS-z14-0. Sehemu ya mwanga wake iliondoka kule ikiwa na urefu wa nanomita 121.6, yaani fupi kuliko zambarau, mwanga ambao jicho halioni. Imefika kwetu ikiwa na karibu nanomita 1,850, yaani infraredi, ambayo pia jicho halioni. Ilipoondoka haikuwa na rangi yoyote kwa macho yetu, na ilipofika haikuwa nyekundu. Msikilizaji aliyedhani kuna galaksi inayong'aa kama kaa la moto, kosa si lake, ni letu.

Chumvi kwenye moto

Sasa swali la yule wa shambani: tutajuaje urefu wa mwanzo, ikiwa hakuna aliyekuwepo mwanga ulipoondoka?

Jibu lipo jikoni. Ukidondosha chumvi kidogo kwenye mwali wa moto, au maji ya chumvi yakifurika kutoka kwenye sufuria iliyo juu ya jiko la gesi, mwali unageuka njano kali. Njano hiyo inatokana na sodiamu iliyomo ndani ya chumvi, na ina urefu wa nanomita 589. Chumvi ya baharini, chumvi ya machimbo, chumvi ya nchi yoyote, njano ni ileile. Kila elementi ina rangi zake, kama vile kila mtu ana alama zake za vidole.

Haidrojeni, ambayo ndiyo elementi iliyojaa zaidi kwenye nyota, ina msururu wa mistari yake: mmoja kwenye nanomita 656, mwingine 486, mwingine 434, na kuendelea. Muhimu si mstari mmoja. Muhimu ni mpangilio wa mistari yote kwa pamoja.

Chukua ukanda wa mpira wa baiskeli, ule tunaofungia mizigo. Uchore alama za kalamu: moja sentimita 43 kutoka mwisho wa ukanda, nyingine 49, nyingine 66. Sasa uvute. Alama zote zitahama, lakini zitahama kwa uwiano uleule. Ya 43 ikienda 50, ya 49 itaenda 57 na ya 66 itaenda karibu 77. Ukimpa mtu ukanda uliovutwa bila kumwambia kitu, lakini anaujua mpangilio wa mwanzo, atakwambia umeuvuta kwa kiasi gani.

Ndivyo Maarten Schmidt alivyofanya mwaka 1963 huko California. Alikuwa na mwanga wa kitu cha ajabu kilichoitwa 3C 273, chenye mistari ambayo hakuna aliyeitambua. Siku moja akagundua kwamba ilikuwa ni mistari ya kawaida kabisa ya haidrojeni, yote ikiwa imevutwa kwa asilimia 16 hivi. Mstari wa 486 ulikuwa umefika 563. Mwanga ambao "umezaliwa mwekundu" usingekuwa na mpangilio wa haidrojeni uliovutwa kwa uwiano mmoja. Msikilizaji wetu aliuliza swali zuri, na hilo ndilo jibu lake.

Bei ya sukari

Sasa tufike kwenye maana yenyewe, yaani jinsi mhamo mwekundu unavyoelezwa kwenye vitabu. Tutumie sukari.

Kilo ikiwa shilingi 2,000, kisha ikawa 3,000, imeongezeka 1,000. Ukigawa ongezeko hilo kwa bei ya zamani, unapata 0.5. Mhamo mwekundu ni hesabu hiyohiyo: chukua ongezeko la urefu wa wimbi, ligawe kwa urefu wa mwanzo. Jibu huandikwa kwa herufi z. Wimbi likirefuka mara mbili, z ni 1. Likirefuka mara 15, z ni 14. Galaksi ya JADES-GS-z14-0 ina z ya kidogo juu ya 14.

Angalia vizuri: z si kilomita. Si kasi. Si umbali. Si miaka. Ni uwiano mtupu, namba isiyo na kipimo nyuma yake. Haijasema chochote kuhusu sababu. Bei ya sukari ikipanda kwa 0.5, hilo ni jambo ambalo kila mwenye duka na kila mnunuzi atakubali. Wakianza kubishana kama sukari imeadimika, kama shilingi imeshuka thamani, au kama kuna mtu ameficha magunia, wako kwenye suala jingine kabisa.

Kwa hiyo anayehoji jinsi mhamo mwekundu unavyofafanuliwa anapaswa kwanza aulizwe: unahoji hesabu, au unahoji sababu? Hesabu haina mgogoro. Mgogoro huanza pale tunapoichukua z na kuigeuza kuwa kitu kingine.

Kasi iliingiaje?

Mwaka 1842 Christian Doppler wa Austria alieleza kwamba chanzo cha mawimbi kikija kwako mawimbi hubanana, na kikikuacha mawimbi hutanuka. Miaka 3 baadaye, huko Uholanzi, Buys Ballot alilijaribu jambo hilo kwa sauti: aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni, wakapiga noti moja huku wanamuziki wengine wakisikiliza kando ya reli. Wewe huhitaji treni. Simama barabarani, usikilize basi linalopiga honi mfululizo. Likija sauti ni nyembamba, likishakupita inakuwa nzito.

Mwaka 1912, huko Flagstaff, Arizona, Vesto Slipher alianza kupima mistari ya mwanga wa mawingu ya nyota ambayo baadaye yalijulikana kuwa ni galaksi. Ya kwanza ilikuwa Andromeda, na mwanga wake ulikuwa umefupika badala ya kurefuka: inatujia. Lakini nyingi alizopima baadaye zilionyesha mwanga uliorefuka. Slipher aliigeuza mihamo hiyo kuwa kasi kwa kanuni ya Doppler, maana ndiyo kanuni aliyokuwa nayo.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri na mwanahisabati wa Ubelgiji, alionyesha kwa kutumia nadharia ya mvutano ya Albert Einstein kwamba ulimwengu unaotanuka ungerefusha mwanga njiani. Mwaka 1929 Edwin Hubble akatoa mchoro wake maarufu: kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo mhamo wake ulivyo mkubwa. Katika kazi hiyo alisaidiwa sana na Milton Humason, mtu ambaye aliwahi kuswaga nyumbu waliobeba vifaa kupanda mlima wa kituo kile cha darubini, kisha akawa mfanya usafi hapo, na mwishowe mpimaji wa mihamo aliyeheshimika.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba Hubble mwenyewe alikuwa mwangalifu. Alipendelea kuziita "kasi za kuonekana", na kuwaachia wananadharia kazi ya kusema maana yake. Sisi watangazaji tukaja tukalifuta neno "za kuonekana", tukabaki na "kasi".

Namba moja, kasi tatu

Sasa tumfikie mwalimu wetu. Kwa galaksi za karibu, kugeuza z kuwa kasi ni rahisi: unazidisha z kwa kasi ya mwanga, ambayo ni karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa z ya 0.01 unapata kilomita 3,000 kwa sekunde, na hakuna atakayekugombeza.

Lakini kwa z kubwa njia hiyo inavunjika. Chukua z ya 1, wimbi lililorefuka mara mbili. Wanaotumia darubini za mwanga, kwa desturi yao, wangeandika kilomita 300,000 kwa sekunde. Wanaotumia darubini za redio wana desturi ya kuhesabu kwa masafa, si kwa urefu wa wimbi. Masafa yamepungua nusu, kwa hiyo wangeandika kilomita 150,000. Anayetumia kanuni ya Doppler iliyosahihishwa na Einstein angepata kilomita 180,000. Mwanga ni uleule, na hakuna aliyekosea hesabu.

Inawezekanaje? Rudi dukani. Bei ikitoka 2,000 hadi 4,000, muuzaji anasema imepanda kwa asilimia 100. Mnunuzi anasema sukari anayoipata kwa noti yake imepungua kwa asilimia 50. Wote wanasema kweli, kila mmoja kutoka upande wake wa mezani. Shida inakuja pale mtu anapochukua namba ya muuzaji na kuichanganya kwenye daftari la mnunuzi. Ndiyo maana wataalamu makini siku hizi huandika z yenyewe, na wakitaja kasi hutaja pia wametumia kanuni ipi.

Kwa galaksi yenye z ya 14 tofauti ni kubwa zaidi. Njia rahisi inatoa mara 14 ya kasi ya mwanga, kama mwalimu alivyopata. Kanuni ya Doppler ya Einstein inatoa asilimia 99 ya kasi ya mwanga. Na hesabu ya ulimwengu unaotanuka, ukiuliza umbali kati yetu na galaksi hiyo unaongezeka kwa kiasi gani sasa hivi, inatoa zaidi ya mara 2 ya kasi ya mwanga.

Mwalimu, wanafunzi wako hawajadanganywa. Sheria kwamba hakuna kinachoupita mwanga inahusu vitu vinavyopitana mahali pamoja: hakuna roketi itakayoupita mwanga uliopo kando yake. Umbali kati ya vitu viwili vilivyo mbali mno unaweza kuongezeka haraka kuliko hapo bila chochote kumpita mwenzake. Na ile mara 14 si kasi ya kitu chochote. Ni z iliyovalishwa nguo za kasi.

Anga linatanuka, au galaksi inakimbia?

Hapa ndipo mabishano yenyewe yalipo. Vitabu vingi vya utangulizi husema kuna mihamo ya aina 3. Wa kwanza ni wa Doppler, kitu kinapokwenda. Wa pili ni wa mvutano, mwanga unapopanda kutoka penye mvutano mkubwa. Huu ulipimwa kwenye mnara wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1960, kwenye kimo cha mita 22 na nusu tu. Wa tatu ni wa kutanuka kwa ulimwengu: galaksi imetulia mahali pake, ila nafasi iliyo kati yetu inavutika kama ule ukanda wa mpira, na wimbi linavutika nayo.

Mwaka 2009 Emory Bunn na David Hogg walichapisha makala katika jarida la fizikia la Marekani wakipinga mgawanyo huo. Hoja yao, kwa maneno yetu, ni hii. Weka watazamaji wengi njiani kati yetu na galaksi, kila mmoja karibu kabisa na mwenzake. Kila mtazamaji anamwona jirani yake akimwacha kidogo, na mwanga unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine unarefuka kidogo kwa kanuni ya kawaida ya Doppler. Zidisha virefusho vyote hivyo vidogo, unapata mhamo wote. Hakuna haja ya kusema kuna kitu kinaitwa "anga" kinachoushika mwanga na kuuvuta.

Ni kama mkungu wa ndizi unaotoka shambani hadi mjini kupitia kwa madalali 7, kila mmoja akiongeza asilimia 10. Mjini bei haijaongezeka asilimia 70, imekaribia mara mbili, kwa sababu nyongeza zinazidishana. Unaweza kusema "barabara imepandisha bei", au unaweza kusema "madalali 7 wamepandisha bei". Mnunuzi wa mwisho analipa kiasi kilekile.

Wataalamu wengine wanajibu kwamba picha ya anga linalovutika ni rahisi zaidi, na inasaidia kuona ulimwengu wote kwa mara moja. Kinachopaswa kueleweka ni kwamba pande zote mbili zinatumia nadharia ileile ya Einstein na zinapata z ileile. Wanabishana kuhusu namna ya kusimulia, si kuhusu kama ulimwengu unatanuka. Lakini namna ya kusimulia ina madhara yake. Mtu akiambiwa anga linavuta kila kitu kama mpira, atauliza kwa haki: mbona nyumba yangu haitanuki? Nyumba haitanuki kwa sababu imeshikwa na nguvu zake, kama vile Dunia na Njia Nyeupe zilivyoshikwa na mvutano wake. Picha ya mpira haikumwambia hilo.

Waliohoji zaidi ya hapo

Wapo waliokwenda mbali zaidi, wakasema mhamo mwekundu hauonyeshi kutanuka kabisa. Mwaka uleule wa 1929, Fritz Zwicky alipendekeza kwamba labda mwanga "unachoka" njiani, unapoteza nguvu kidogo kidogo. Halikuwa wazo la kipuuzi. Lilikuwa dhana inayoweza kupimwa, na imepimwa.

Kuna aina ya nyota zinazolipuka, supanova, ambazo hung'aa na kufifia kwa mwendo unaojulikana, kama saa. Kama mwanga unachoka tu, supanova ya mbali ingefifia kwa muda uleule wa zile za karibu. Kama ulimwengu unatanuka, kila kitu kinachotujia kutoka kule kinachelewa kwa uwiano uleule wa z: penye z ya 1, siku 20 za kule tunaziona kuwa 40. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha ucheleweshaji huo, na mwaka 2024 watafiti waliotumia supanova 1,504 waliuthibitisha kwa usahihi mkubwa. Mwanga uliochoka hauwezi kuchelewesha saa.

Mwingine alikuwa Halton Arp, Mmarekani aliyekusanya picha za galaksi za ajabu 338 katika atlasi yake ya 1966. Aliona baadhi ya kwasa zenye z kubwa zikikaa karibu na galaksi zenye z ndogo, akasema haziko mbali kama z inavyodai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alinyimwa muda wa kutumia darubini kubwa za California, akahamia Ujerumani, na aliendelea kushikilia hoja yake hadi alipofariki mwaka 2013.

Ushahidi ulimwendea vibaya. Mwaka 1979 iligunduliwa kwasa inayoonekana mara mbili kwa sababu mvutano wa galaksi iliyo mbele yake unaupinda mwanga wake. Kwasa ina z ya 1.41, galaksi ina 0.36. Ili galaksi ipinde mwanga wa kwasa, lazima kwasa iwe nyuma, na z ilikuwa imesema hivyohivyo. Arp anakumbukwa na wengi kama aliyekosea. Hata hivyo, kumzuia mtu kutazama hakumjibu. Kilichomjibu ni vipimo.

Inatuhusu nini sisi wa kijijini?

Tuseme ukweli, mhamo mwekundu haupandishi bei ya mahindi. Lakini unatuhusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni redio. Haidrojeni baridi angani hutoa wimbi la sentimita 21, kwenye masafa ya megahezi 1,420. Wimbi hilo likirefuka zaidi ya mara 14 kidogo, linakuwa la mita 3, kwenye megahezi 100. Hiyo ni bendi ya FM! Maana yake, ujumbe wa haidrojeni ya enzi nyota za kwanza zilipokuwa zikiwaka unaanguka duniani kwenye masafa yaleyale tunayotumia kukusomea habari na salamu. Sisi tunaufunika kwa kelele. Ndiyo maana darubini za kuutafuta hujengwa nyikani, kama HERA iliyoko Karoo, Afrika Kusini. Nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda maeneo ya darubini, pamoja na kudhibiti mawimbi ya redio. Kenya nayo ni miongoni mwa nchi 8 za Afrika zilizoshirikishwa na Afrika Kusini katika mpango wa darubini za redio barani.

Ya pili ni somo. Hubble alipata mihamo sahihi, lakini umbali aliokadiria ulikuwa mfupi mno. Matokeo yake, hesabu ilisema ulimwengu una umri wa karibu miaka bilioni 2, wakati mawe ya Dunia yalionekana kuwa na umri mkubwa zaidi. Mtoto akawa mkubwa kuliko mama! Miaka ya 1950 umbali ulianza kusahihishwa, na leo umri unaokubalika ni karibu miaka bilioni 13.8. Hata sasa njia mbili za kupima kasi ya kutanuka zinatofautiana: moja inatoa karibu 67, nyingine karibu 73, kwa kipimo kilekile. Katika ugomvi wa namna hiyo, mtu asiyetenganisha alichopima na alichokitafsiri hawezi kujua kosa liko wapi.

Tunachobadilisha

Kuanzia sasa, tukiripoti galaksi ya mbali, tutasema kwanza kilichopimwa: mawimbi yake yamerefuka mara ngapi. Kisha tutasema maelezo yanayokubalika: ulimwengu umetanuka kwa kiasi hicho tangu mwanga ulipoondoka. Tukitaja kasi au umbali, tutasema ni hesabu iliyofuata, si kipimo chenyewe. Mkitusikia tumeteleza, tuandikieni tena.

Na kwa wenye hamu ya kuona kwa macho yao: katikati ya Novemba, kama saa 3 usiku, mbingu ikiwa safi na mwezi haupo, tazama kaskazini, karibu nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Utaona doa hafifu kama pamba iliyopanguswa. Hiyo ni Andromeda, ileile ya Slipher. Mwanga unaoingia jichoni mwako uliondoka huko miaka milioni 2.5 iliyopita, na mawimbi yake yamefupika kidogo. Kati ya galaksi zote tulizozitaja, hiyo ndiyo inayokuja.